Kwa Mbishi Wapo?

Kuna harufu ikinipitia puani, popote nilipo, narudi kuwa mtoto wa darasa la tatu. Ni harufu ya ndizi mbivu zilizopigwa vumbi, ikichanganyika na dizeli na magunia yenye unyevu. Mwezi uliopita ilinikuta ndani ya basi dogo la Matombo. Mtu alikuwa amesukuma kapu la ndizi chini ya kiti changu, tumeshaiacha Mkuyuni, barabara imeanza kupanda, na konda akaita bila hata kugeuka: "Kwa Mbishi wapo?"

Mbele yangu alikaa kijana mmoja, mgeni wa huku, maana alikuwa akipiga picha kila mgomba. Akamuuliza jirani yake huyo Mbishi alikuwa nani. Jirani, bwana mmoja mwenye kofia ya kufuma, akajibu kwa uhakika wote kwamba Mbishi alikuwa chifu wa zamani aliyekataa kulipa kodi ya Mjerumani, akajificha pangoni huko juu mpaka Mjerumani mwenyewe akachoka. Akaongeza kwamba pango lipo hadi leo na watu wanatambikia. Yule kijana akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa.

Mimi nikauma pindo la khanga nisicheke. Huyo Mbishi namjua. Namjua anavyokoroma, namjua anavyotia mdalasini mwingi kwenye chai mpaka inawasha koo, na najua kwamba pango hajawahi kuingia kwa sababu anaogopa popo. Mbishi ni mama yangu mzazi, na siku jina hilo lilipotamkwa mara ya kwanza nilikuwepo, nimesimama kwenye umande, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna.

Ngoja nianze na baba, maana habari ya majina ya mahali niliipata kwake.

Baba yangu ni Mnyaturu wa Singida, na miaka ile alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha nguo pale Morogoro mjini. Shule zikifungwa alinikalisha mbele, kati yake na utingo, tukaenda kupeleka vitambaa Chalinze, Dumila, Gairo, hata Dodoma. Safari hizo ndizo zilizonifundisha kusoma, kwa sababu baba hakuniruhusu kupita kibao cha barabarani bila kukisoma kwa sauti. Nikishakisoma, ndipo ananipa hadithi ya jina. Upande wa Mgeta kuna mahali panaitwa Bunduki, na baba alinieleza kwamba mwindaji mmoja alitoa bunduki yake pale kuwa mahari, na mpaka kesho wajukuu wanagombania nani airithi. Alikuwa akisema huku ameshika usukani kwa mkono mmoja, uso mkavu, na mimi namwamini neno kwa neno. Kingolwira peke yake ndipo aliposhindwa. Kila tukipita alisema, "Hii nitakueleza tukirudi." Tukirudi, anapiga mluzi mpaka tumeingia mjini.

"Zuhura," alikuwa akiniambia, "jina la mahali halitoki hewani. Ukichimba chini yake utakuta mtu, na huyo mtu alifanya jambo." Nilimwamini. Niliwaza watu hao wote wakubwa waliolala chini ya vibao, wenye mikuki na majoho, na niliona haya kwamba sisi hatukuwa na hata mmoja.

Jina la Matombo, ambako ndiko kwao mama, baba hakulijua, na hapo ndipo mama alipopata nafasi yake. Baba akimuuliza maana yake, mama anacheka mpaka anashika ukuta. "Kamuulize mkweo," anamwambia. Sasa nani angemuuliza mama mkwe jambo ambalo mkewe analichekea hivyo? Baba akakaa na swali lake miaka. Mimi niliyekuwa mjukuu, mwenye ruhusa ya kuuliza lolote, bibi alinionyesha mlimani mawe mawili makubwa yaliyosimama pamoja, akasema bila kupepesa macho, "Matombo ni maziwa, haya ya kunyonyeshea mtoto. Yatazame yale. Sisi wote tumetoka hapo." Nilipompelekea baba jibu, alikohoa akaenda kukagua tairi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, mitumba ikaja kwa marobota, na ghafla kila mtu mjini akawa na jaketi la mtu wa Ulaya. Tuliifurahia sana. Hata mimi nilinunuliwa gauni lenye vifungo vya dhahabu. Hakuna aliyenieleza kwamba lile gauni na lori la baba haviwezi kuishi nyumba moja. Vitambaa vya kiwanda vikabaki ghalani, watu wakapunguzwa, baba akawa mmoja wao, na nyumba ya kiwanda tuliyokuwa tukikaa ikatakiwa.

Usiku wa siku tuliyoambiwa tuhame wazazi wangu hawakugombana, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nyuma ya pazia nikawasikia wakizungumza kwa upole, kwa zamu. Baba alitaka turudi Singida kwao. Mama alisema yeye ana shamba, na haendi kuomba ardhi ugenini wakati ya kwao ipo. Kwetu Uluguru ardhi hushikwa upande wa mama, na mtoto pia huhesabiwa wa ukoo wa mama. Kwao baba mtoto ni wa baba, hakuna mjadala. Kwa hiyo mimi nilikuwa wa kwao wote wawili na kila mmoja alikuwa na haki kwa desturi zake.

Mwisho baba akasema, "Nakupa msimu mmoja. Ndizi zikifika sokoni, mtoto akala na akaenda shule, mimi nitanyamaza. Zisipofika, nakuja kumchukua Zuhura akae kwa shangazi yake."

Mama akasema, "Sawa."

Shangazi huyo nilikuwa nimemwona kwenye picha tu, amekaza uso. Sikulala.

Basi baba akapanda treni kwenda kwao kutafuta mwelekeo, na mimi na mama tukapanda milima kwa bibi. Ndizi zilikuwepo, tena za kumwaga: mzuzu, kisukari, mkono wa tembo, na mananasi chini yake, na pilipili manga zikipanda juu ya mifenesi. Tatizo halikuwa shamba, tatizo lilikuwa njia. Kijia chetu kiliteremka moja kwa moja mpaka barabarani, kikatokea kwenye kona kali, na kwenye kona ile gari halikusimama. Kituo kilikuwa chini darajani, mwendo mrefu wa kuteleza, mkungu kichwani. Tukifika darajani ndizi zimechubuka, na wachuuzi wa mjini wakiona doa jeusi wanazisukuma kando kwa mguu. Mama alinywea kila tuliporudi. Nilijua anawaza nini kwa sababu nami niliwaza hicho hicho. Nilikuwa namwona shangazi na uso wake.

Gari lililotufaa lilikuwa moja, pikapu ya bwana mmoja aitwaye Athumani, yenye mbao mbili za kukalia nyuma. Konda wake alikuwa kijana wa mjini, Saidi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuruka chini na kipande cha gogo, akakichomeka nyuma ya tairi kila gari liliposimama mlimani, maana breki ya mkono ilikuwa ya kuigiza. Mama alimfuata Athumani darajani akamwamkia vizuri, akamwomba asimame kwenye kona yetu.

"Dada yangu," Athumani akasema, "pale ni mteremko mtupu. Nikisimama pale gari litaniacha."

Alisema kweli, na mama alijua kuwa ni kweli. Kesho yake akachukua jembe akateremka kwenye kona. Alikata ukingo wa mlima, akasawazisha, akashindilia kwa miguu. Bibi alikuja na jembe lake dogo, nami nikaokota mawe. Viganja vya mama vilitoka malengelenge, yakapasuka, akavifunga kwa kitambaa akaendelea. Wapita njia walituuliza kama tunajenga nyumba barabarani. Mama aliwajibu, "Karibuni mtusaidie," na wengi wao waligundua kwamba wana haraka. Tulipomaliza palikuwa na sehemu bapa ya kutosha pikapu kusimama bila gogo wala dua.

Athumani akapunguza mwendo, akapatazama kupitia dirishani, akapita. Darajani akamwambia mama, "Pazuri. Lakini pale panaitwaje?"

"Kwa Mzee Kobelo," mama akasema. Hilo lilikuwa jina la babu yangu, na niliona alivyolitamka kwa fahari.

"Sipajui. Na Saidi hapajui. Gari linasimama mahali panapojulikana, mama. Nikianza kusimama kwa babu ya kila mtu, Matombo nitafika lini?"

Na kweli ndivyo ilivyokuwa kwenye barabara ile. Mahali palikuwa kituo kwa sababu konda anapaita, na konda alipaita kwa sababu ni kituo. Ungeingilia wapi? Bibi alisema tumwachie Mungu. Mama alisema Mungu keshafanya sehemu yake, ndizi zimekomaa.

Siku ya gulio iliyofuata tulikwenda sokoni kwa kupitia darajani, tukauza kilichouzika, na mchana tukapanda gari la Athumani kurudi. Mama akamwambia Saidi, "Nauli hii ni ya mpaka kwenye kona yetu." Saidi akapokea akicheka. Tulipofika pale mama akagonga bodi kwa kiganja, ishara ya kuomba kushuka. Gari likapita. Sehemu yetu bapa tuliiona ikibaki nyuma, safi, imefagiliwa. Nikajua tutashushwa huko mbele turudi kwa miguu, nikaanza kutafuta kandambili zangu chini ya mbao.

Mama hakushuka kituo kilichofuata. Wala kingine. Tulikwenda mpaka Matombo misheni, mwisho wa gari, watu wote wakashuka na mizigo yao, sisi tumekaa.

"Mama, shukeni, tumefika," Saidi akasema.

"Nyinyi mmefika. Mimi sijafika."

Saidi akacheka, kisha akamtazama usoni akaacha kucheka. Akaenda kumwita Athumani, aliyekuwa ameshaagiza chai. Athumani akaja na kikombe mkononi, akaeleza habari ya mlima, ya breki, ya vituo, ya maisha kwa jumla. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa, kaka," akasema. "Lakini nauli yangu unayo, na nyumbani kwangu hujanifikisha. Kunywa chai yako, nasubiri."

Jamani, aibu niliyoipata siku ile sitaisahau. Watoto wa misheni walikusanyika kututazama. Nilitamani kuruka nikimbie, lakini mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono chini ya khanga, akanikaza mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Nilidhani anaogopa nitamtoroka niende kununua maandazi. Nikamnong'oneza, "Mama, unaniumiza." Hakunisikia. Alikuwa anatazama mbele, pale yalipo mawe mawili ya mlimani, midomo imebana.

Athumani akamaliza chai. Akapakia abiria wa kurudi mjini, wengi wao wanawake wenye makapu ya iliki na machungwa, na hao wote wakataka kujua kwa nini yule mama hashuki. Saidi, maskini, akawasimulia mwenyewe, akidhani watakuwa upande wake. Mwanamke mmoja mnene, sikumjua na sikumwona tena maishani, akauliza, "Hiyo kona iko wapi?" Saidi akamwambia. Yule mwanamke akaguna tu.

Tukateremka. Tulipoikaribia kona mama akagonga bodi. Gari likaendelea. Yule mwanamke mnene naye akagonga bodi. Kisha mwingine. Kisha wote, mikono yote, na bodi la pikapu ile lilikuwa limelegea tangu zamani, kelele zake zikajaa bondeni. Athumani akapiga breki. Gari likaserereka kidogo, likatulia kwenye sehemu bapa, sawasawa, na Saidi akiwa na gogo lake mkononi akakuta hana la kufanya nalo.

Athumani akatoka akiwa mwekundu wa macho. "Shuka," akamwambia mama. "Shuka, mbishi we. Tangu nishike usukani sijaona mbishi wa namna yako."

Mama akashuka taratibu, akanishusha mimi, akashusha makapu. Akasema, "Ahsante, kaka. Siku ya gulio tutakuwa hapa na ndizi." Kandambili yangu moja ilibaki ndani ya gari, na sikuthubutu kuisema.

Siku ya gulio tulikuwepo kabla jua halijatoka. Mikungu tuliipanga juu ya majani, haina hata mchubuko. Bibi alikuja kuangalia, akajifanya anatafuta kuni. Gari lisiposimama siku ile lisingesimama tena, na barua ya baba ilikuwa imeshafika, anakuja msimu ukiisha. Tukasikia injini ikiguna huko juu, ikapotea nyuma ya mlima, ikarudi karibu zaidi. Mama akanishika tena pale pale.

Pikapu ikatokea, Saidi ananing'inia nyuma. Sijui ilikuwa utani wa kijana au aliagizwa. Alivuta pumzi akaita, sauti ikapanda mpaka kwenye migomba: "Kwa Mbishi! Kwa Mbishi wapo?"

Mama alikuwa amewatayarishia jina la babu. Nilimwona akilimeza. Akanyoosha shingo akasema, "Wapo."

Gari likasimama.

Shuleni walinitania mpaka nikapigana. Mtoto wa Mbishi, mtoto wa Mbishi, kutwa. Nilimwendea mama nikilia nimwambie awakataze wale watu wa gari, yeye si ndiye anayewaweza? Alikuwa anafunga ndizi kwa majani. "Waite wanavyotaka," akasema, "mradi wasimame." Nilimkasirikia. Niliona amekubali kutukanwa kwa ajili ya ndizi.

Msimu ulipokwisha baba akaja bila kutuma habari. Alikaa mbele na Athumani, dereva kwa dereva, na alipoomba ashushwe kwenye kona penye kijia, Athumani akamuuliza, "Kwa Mbishi?" Baba, kwa ugonjwa wake ule wa majina, akauliza Mbishi ndiye nani. Athumani akamsimulia yote tangu Mkuyuni mpaka kwenye kona, akilalamika njia nzima, hakujua anamsimulia mwenye mke.

Nilimwona akipandisha kijia na viatu vipya vimening'inia shingoni kwa kamba zake, viatu vya mtoto. Nikajua ni vya safari ya Singida. Mama aliviona pia. Alikuwa jikoni ameshika sufuria, akaiweka chini, na mkono wake ukaja ukanitafuta bila yeye kunitazama.

Baba alimwamkia bibi, akakaa, akavua kofia. "Nimekuta kituo kina jina jipya," akasema.

"Sikukipa mimi," mama akajibu.

"Najua. Nimesimuliwa." Akatazama viganja vya mama, vilivyokuwa na makovu magumu. Akaanza kucheka, polepole, kisha sana, mpaka akafuta macho, na machozi yenyewe hayakuwa yote ya kicheko. "Zuhura," akaniambia, "yale mengine yote nilikuwa natunga. Hili nimelikuta na mtu wake yu hai."

Asubuhi alichukua jembe akateremka kwenye kona. Akasimama akapapima kwa jicho la dereva. "Pikapu sawa," akasema, "lakini lori haliwezi kugeuza hapa." Akavua shati akaanza kuchimba. Baadaye alikwenda Singida kuaga tu. Viatu nilivivalia shule ya huku huku mlimani, vikanibana miaka miwili kwa sababu mama alikataa kuvigawa.

Miaka mingi nilidhani mama alishinda kwa kuwa alizaliwa mbishi, hana hofu. Mpaka mwaka jana nilipompeleka mwanangu shule ya bweni, tumesimama getini, akaniambia, "Mama, unaniumiza mkono." Nikatazama chini nikaona vidole vyangu. Ndipo nikajua kwamba siku ile misheni mama alikuwa ameogopa kupita mtu yeyote ndani ya gari lile. Hakunishika nisitoroke. Alinishika nisichukuliwe, na hofu hiyo yote aliificha chini ya khanga, juu akabakisha uso wa kumwonyesha Athumani.

"Kwa Mbishi wapo?" konda akarudia.

"Wapo," nikasema, nikainuka.

Yule kijana mgeni akanisogezea miguu nipite. "Dada, wewe ni wa ukoo wa yule chifu?" akaniuliza, simu yake tayari mkononi.

"Mimi ni mwanawe," nikamwambia. Bwana wa kofia akanitazama kwa mashaka makubwa.

Mama alikuwa amesimama pale bapa, amezeeka, amejifunga khanga mbili, na baba nyuma yake anasoma kibao cha gari kwa sauti. Nilipokanyaga chini tu mama akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake siku hizi havina nguvu. Nikamgeuzia mkono nami nikamshika wa kwake, nikakaza.